Mengineyo ya Mjumbe wa Wastani

Wewe unayenisikiliza, umewahi kupimwa ukaonekana uko sawasawa kabisa, si mrefu si mfupi, si mnene si mwembamba, si mjinga wala si wa kusumbua watu kwa akili? Mimi nimewahi. Nilipimwa ofisini, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na tangazo likabandikwa kwenye mbao zote za mji: Idara ya Wastani wa Hali ya Hewa ina furaha kuuarifu umma kwamba Mtu wa Kawaida amepatikana.

Mtu huyo ni mimi.

Usicheke kwanza. Nitakueleza taratibu, maana mambo ya ofisi ukiyaeleza mbiombio yanaonekana ya kipuuzi, na haya hayakuwa ya kipuuzi. Yalikuwa na mihuri.

Zamani idara hii ilikuwa ofisi ya hali ya hewa tu, na kazi yake ilikuwa kuwaambia watu kama kesho itanyesha. Kazi ngumu ile, tena haina shukrani. Tabu ya kutabiri kesho ni kwamba kesho yenyewe huja, na ikija, watu huja nayo mlangoni, mmoja kalowa, mwingine kabeba mwavuli kwenye jua kali, wote wanataka kujua nani alisema. Basi akaletwa Mkurugenzi mpya, mtu wa makamo, suruali imepigwa pasi mpaka ule mkunjo unaweza kukatia kitunguu. Siku ya kwanza tu aliwakusanya wafanyakazi akatangaza kuwa kuanzia saa ile Idara haitajihusisha tena na kesho. Itajihusisha na wastani wa miaka thelathini.

"Wastani," alisema, "haujawahi kumlowesha mtu."

Makofi yalipigwa. Na kweli, nani amewahi kukutana na wastani njiani?

Kituo cha kupimia kilikuwa nyuma ya ofisi, kwenye kiwanja cha nyasi chenye uzio. Palikuwa na kisanduku cheupe juu ya miguu mirefu, kuta zake za vibao vilivyolala kama vya dirisha, ndani yake vipimajoto. Palikuwa pia na kipimamvua, yaani lile kopo refu la kukingia mvua. Kopo hilo lilikwisha kuhamishiwa barazani, chini ya paa, kwa sababu mpimaji kila akitoka kupima mvua alikuwa anakuta inanyesha. Huo ulikuwa uonevu kazini, ukarekebishwa. Tangu hapo wastani wa mvua wa mji wetu ulianza kupendeza. Ulishuka mwaka hadi mwaka, bila kelele, na Idara ikapewa ngao.

Mtaalamu wa hesabu pale alikuwa na jina refu lenye vyeo mbele na vyeo nyuma, lakini mtaani tulimwita Bwana Gawanya, kwa sababu ndiyo dawa yake ya kila kitu. Kikokotoo alikivaa shingoni kwa kamba kama ufunguo wa stoo. Utakumbuka mwaka ule mvua ilipokosekana mpaka mto ukawa njia ya baiskeli. Mwaka uliofuata ikanyesha mpaka mto ukalibeba daraja. Watu wakapiga makelele. Bwana Gawanya akaichukua miaka yote miwili, akaijumlisha, akaigawanya, akaonyesha kuwa mvua ilikuwa ya kawaida kabisa na kwamba, kwa wastani, daraja halikuondoka. Wanaovua viatu pale mpaka leo wanavuka kinyume cha takwimu.

Kisha ukatoka Waraka. Kila mfanyakazi avae kulingana na wastani wa mwezi. Mwezi wa baridi ni sweta, hata jua likipasua mawe, na feni zizimwe. Mwezi wa joto ni mikono mifupi, hata meno yakigongana. Mwavuli usifunguliwe siku ambayo wastani wake ni mkavu. Na neno "mvua inanyesha" lisitumike siku hiyo, kwa kuwa linaleta taharuki. Badala yake mtu aseme "kuna tofauti ya muda dhidi ya wastani." Aliyelowa aseme amekutana na tofauti.

Katibu wa Idara, dada mmoja mwenye miwani, mtu wa kanuni mpaka kwenye kucha, alikuwa wa kwanza kutii. Nilimkuta kwenye dawati lake na sweta la sufu, jasho linamtiririka mpaka linadondokea mhuri.

"Mwanangu, huoni joto?" nikamuuliza.

"Naliona, mama," akasema. "Lakini halijaidhinishwa."

Mimi siku hiyo nilikuwa nimepeleka mapazia. Binti yangu ni fundi cherehani, ana duka la kushonea chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mapazia ya chumba cha Mkurugenzi alishona yeye. Nikawa niko juu ya kiti nayatundika, mara Mkurugenzi na Bwana Gawanya wakaingia wanabishana. Kumbe wanaunda Kamati Kuu ya Matumizi ya Wastani, na kamati inahitaji mwakilishi wa wananchi. Wakubwa wa mji wameomba nafasi hiyo wote, lakini kila mmoja amezidi au amepungua mahali fulani.

Bwana Gawanya akaniangalia pale juu ya kiti. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Mama, hebu shuka," akasema. "Una futi hapo?"

Futi ya binti yangu ilikuwemo kwenye mkoba. Wakanipima urefu, wakanipima mabega, wakanipima mpaka kiatu. Wakaniuliza nimezaa wangapi, nimesoma mpaka wapi. Nikasema nimemaliza shule ya msingi. Wakaniuliza kama nina furaha.

"Kiasi," nikasema.

Bwana Gawanya akabonyeza kikokotoo chake, akakionyesha kwa Mkurugenzi, na wote wawili wakatazamana kama watu waliookota dhahabu. Hakuna mahali popote nilipozidi.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Njia nzima nilikuwa natembea kwa hatua za wastani, nisije nikaharibu. Binti yangu alikuwa anakata kitambaa cha kaki, nikamweleza yote, na cheo nikakitaja mara mbili.

"Yaani, mama," akasema bila kuinua mkasi, "wamekuchagua kwa sababu huna lolote?"

"Ninayo yote," nikamjibu. "Kwa kiasi."

Akaweka mkasi chini. Sasa nikaona anafikiri, na mtoto huyu akifikiri hukunja pua kama baba yake marehemu.

"Basi una kazi moja tu huko," akasema. "Waambie kalavati ni dogo."

Hapo nikupe picha ya nyumba yetu. Tuko chini kabisa ya mteremko. Maji yote ya mitaa ya juu hushuka kwenye mtaro mmoja, mtaro unapita mbele ya mlango wetu, na pale barabara inapokatiza, maji hupita kwenye bomba chini yake. Hilo ndilo kalavati. Mvua ikiwa kubwa, bomba linashindwa kumeza, maji yanafikiri kidogo, halafu yanaingia kwetu. Siku hizo cherehani hulala kitandani na sisi tunasimama. Na mwaka huo binti yangu alikuwa amepata kazi ambayo hajawahi kuipata: sare za shule nzima. Kitambaa si chake, ni cha shule. Kikiharibika hapati kazi nyingine, na jina lake limekwisha mjini. Kalavati lile lilikuwa karibu kujengwa upya, na anayepanga ukubwa wa bomba ni Kamati. Kamati yangu.

"Nitasema," nikamwahidi. "Kesho kutwa tu limekwisha."

Ah, ungeniona nilivyoingia kikaoni. Nilipewa kiti chenye mto na kibao cha kusimamisha mezani kilichoandikwa MJUMBE WA WASTANI. Kulikuwa na chai, kulikuwa na biskuti za duara zenye sukari juu. Nikakaa nikikitazama kile kibao, nikasahau hata nilifuata nini. Nilipokumbuka, tulikuwa kwenye kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, ambacho hakikuwepo, kwa hiyo zilichukua muda mrefu. Nikainua mkono.

"Mjumbe," Mkurugenzi akasema kwa upole, "una hoja ndani ya ajenda?"

"Nina neno tu, baba, kuhusu kale kabomba..."

"Neno lisilo ndani ya ajenda linaingia Mengineyo. Katibu, andika: Mengineyo, la kwanza, Mjumbe wa Wastani ana jambo. Na katika Mengineyo," akaongeza akitutazama wote, "la kwanza huwa la kwanza. Hatuwezi kuwa na kamati ya kurukiana."

Katibu akaandika. Mimi nikafurahi kabisa. La kwanza, unasikia? Lakini kabla ya Mengineyo muda ukaisha, kikao kikaahirishwa, tukamalizia biskuti. Nilimletea binti yangu moja kwenye mkoba.

"Ulisema?" akaniuliza.

"Niko wa kwanza kwenye Mengineyo."

"Mama, ulisema?"

"Kula biskuti, mwanangu."

Kikao cha pili, kalavati lenyewe likawa ajenda. Nikajisemea, leo ni leo. Bwana Gawanya akasimama na chaki. Akachukua mvua yote ya mwaka, ile iliyokingwa barazani. Akaigawanya kwa siku zote za mwaka, za masika na za kiangazi, kila siku akaipa fungu lake kwa haki bila upendeleo. Jibu likatoka kwamba mvua ya siku moja inatosha kulowesha kitambaa cha mezani.

"Kwa hiyo," akasema, "bomba la sasa ni kubwa mno. Tumekuwa tukibeba mzigo wa bomba ambalo siku nyingi za mwaka halina kitu ndani." Akaonyesha kwa mikono upana wa bomba jipya. Lilikuwa kama sufuria yangu ya kuchemshia chai ya watu wanne.

Nikainua mkono. Niliuinua kweli, mpaka bega likalia.

"Mjumbe," Mkurugenzi akasema, "wewe umeletwa hapa uwe wa kawaida. Ukishakuwa na maoni, Bwana Gawanya atalazimika kukupima upya."

Hapo, nisikufiche, niliogopa. Nilikitazama kile kibao changu. Nikatazama sahani ya biskuti. Na wakati naogopa hivyo, Mkurugenzi akauliza, "Wanaounga mkono bomba jipya?" Mikono ikapanda mezani pote. Wangu ulikuwa bado uko juu. Ukahesabiwa.

Mchana ule binti yangu alipata habari kabla sijafika nyumbani.

"Wanasema lilipita kwa kauli moja," akasema.

"Mkono wangu ulikuwa juu kwa sababu nyingine."

"Mkono hauna sababu, mama. Mkono ni mkono."

Hakunisemesha mpaka chakula kilipokwisha. Nikampelekea maji ya kunawa mwenyewe, mimi mama mzima, Mjumbe, nikamwambia mambo bado, Mengineyo hayajafikiwa, na mimi ni wa kwanza.

Vikao vikaendelea. Tukajadili rangi ya sweta. Tukajadili kama siku ya kawaida ianze asubuhi au jana yake. Mengineyo yalikuwa yanaonekana kwa mbali kama mji uliopo mbele ya kilima. Ukifika kilimani kinatokea kilima kingine. Huku nyuma mafundi wakaja mtaani kwetu, wakang'oa bomba la zamani, wakaweka lile jipya, wakaweka saruji juu, wakapaka chokaa. Lilipendeza. Mkokoteni wa jirani yetu ulipita juu yake, na jirani mwenyewe, msukuma mkokoteni, mtu wa mizaha, akainama akachungulia ndani.

"Bibi Wastani," akaniita, "hili bomba la maji au la kunywea soda?"

"Ni la kitaalamu," nikamwambia, nikafunga dirisha.

Siku ya uzinduzi ilichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Bwana Gawanya alipitia ile miaka thelathini akapata tarehe iliyo kavu kuliko zote. Kwa sababu hiyo turubai halikukodiwa. Viti vilipangwa barabarani, bango likasimamishwa juu ya nguzo mbili za chuma, na gari la Mkurugenzi, jeupe, limeoshwa, likawekwa kando tayari kuwa la kwanza kuvuka.

Asubuhi hiyo niliamka nikamkuta binti yangu anapandisha cherehani kitandani. Sare zimekwisha, zimekunjwa, anazifunga kwenye mashuka.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Mama, tazama mawingu."

Nikatazama. Yalikuwa meusi kama masizi ya sufuria. "Hayo ni mawingu ya leo tu," nikamwambia. "Mimi nazungumzia miaka thelathini. Wageni wangu wanakuja, wataona nyumba ya Mjumbe ina cherehani kitandani? Shusha. Tena hizo sare zitundike pale dukani, shati na shati, Mkurugenzi azione."

 Akaishusha, maana alilelewa vizuri, na aliyemlea ni mimi. Akaazima kamba nene ya mkokoteni kwa jirani, akaifunga ukuta hadi ukuta humo dukani, akazitundika sare zote. Mlango ukawa wazi. Kweli zilipendeza.

Mkurugenzi alianza hotuba yake kwa kusema, "Leo, siku hii kavu." Tone la kwanza likamwangukia kwenye kipaza sauti. Alipofika "ndugu wananchi" mvua ilikuwa imeshuka yote kwa pamoja, ile isiyotanguliwa na manyunyu. Sisi wa Kamati tulikaa. Miavuli tulikuwa nayo, tumeikumbatia kifuani imefungwa, kama Waraka ulivyoelekeza. Wananchi, ambao hawana waraka, walikimbilia barazani, wakawa wanatutazama kama watu wanaotazama mpira.

"Mheshimiwa," Katibu akamnong'oneza, karatasi za ratiba zinamyeyukia mkononi, "kuna tofauti."

"Ni ya muda," Mkurugenzi akasema, maji yanamtoka puani. "Tuendelee."

Mtaro ulikuwa umeanza kunguruma. Maji ya mitaa ya juu yalifika na matawi na ndala na kiti cha mtu. Bomba letu likameza lilichoweza, yaani kitambaa cha mezani. Mengine yakasimama, yakafikiri.

Mkurugenzi akaona afupishe, avuke awe wa kwanza, aondoke zake. Akaingia garini peke yake, dereva alishakimbia. Akalipeleka mbele, magurudumu yakateleza kwenye ile chokaa mpya, na gari likaingia mtaroni kwa ubavu, taratibu, kwa heshima zote, likaziba mdomo wa bomba kama kizibo cha chupa. Maji yakapanda. Mkurugenzi akatoka kupitia dirishani, akapanda juu ya paa la gari, akakaa.

Bwana Gawanya alikuwa ameteleza mtaroni, amekumbatia nguzo ya bango iliyokuwa ukingoni. Katibu alifika kwenye kizingiti chetu. Mimi binti yangu alinivuta mkono akanipandisha juu ya meza yake ya kukatia, pale dirishani, na mara ile ile maji yakaingia. Yakaingia mpaka magotini. Jirani yetu na binti yangu wakawahi cherehani, wakaitupa kitandani. Na zile sare? Zilikuwa juu ya kamba, shati na shati, zimeinuliwa kutoka kwenye maji kwa kiasi cha kiganja. Majivuno yangu ndiyo yaliyozitundika, na hilo binti yangu hajawahi kunisifia mpaka leo.

"Leteni kamba," Mkurugenzi akapaza sauti kutoka kwenye paa la gari. Gari lilikuwa linatikisika chini yake. "Msukuma mkokoteni, wewe, huna kamba?"

"Ninayo, Mheshimiwa," jirani akajibu. "Iko kazini."

"Kazi gani?"

"Imebeba sare za shule nzima," binti yangu akasema kutoka ndani, mkono wake kwenye fundo. "Nikiifungua, zote zinaingia kwenye tofauti ya muda."

Watu wa barazani walicheka vibaya sana.

"Fundi, mimi ni Mkurugenzi."

"Najua, Mheshimiwa. Mapazia yako nilishona mimi. Nitaifungua, na hawa majirani watazishika sare juu ya vichwa vyao. Lakini mama yangu ana jambo lake tangu kikao cha kwanza. Aseme kwanza."

"Aseme, aseme haraka."

Hapo ndipo Katibu akakohoa. Sweta lake lilikuwa limelowa mpaka limefika magotini, lakini miwani ilikuwa usoni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Mjumbe hawezi kusema nje ya kikao. Halafu hata kamba yenyewe haimo kwenye ratiba ya leo. Ni jambo jipya. Linaingia Mengineyo."

"Dada, mimi niko juu ya gari."

"Ninaona, Mheshimiwa. Na akidi imetimia. Unaweza kufungua kikao hapo hapo ulipo."

Mkurugenzi alimtazama. Akatazama maji, ambayo sasa yalikuwa yanalamba vile viatu vyake. Nadhani alikuwa anatafuta kifungu cha kupitia, lakini kanuni zile alizitunga mwenyewe na alizitunga bila tundu.

"Nafungua kikao," akasema.

"Kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita," Katibu akasoma kichwani.

"Zimethibitishwa."

"Yatokanayo."

"Hakuna. Bwana Gawanya, una yatokanayo?"

"Sina," Bwana Gawanya akasema kutoka kwenye nguzo. Kikokotoo kilikuwa kinaelea mbele ya kidevu chake, bado kimefungwa shingoni. "Ila kwa wastani wa mwaka, Mheshimiwa, maji haya..."

"Gawanya, nyamaza. Mengineyo. Napendekeza kamba."

"Kamba ni la pili," Katibu akasema. "La kwanza ni la Mjumbe wa Wastani. La kwanza huwa la kwanza, ndivyo ulivyoelekeza, Mheshimiwa, niliandika."

"Basi nimelikubali. Chochote anachotaka nimekubali. Pitisha."

"Hoja haipitishwi kabla haijasemwa."

Gari likageuka kidogo, likalala zaidi. Mkurugenzi akashika antena kwa mikono miwili. Suruali yake haikuwa na mkunjo tena. Akanigeukia mimi, pale dirishani juu ya meza, na kwa mara ya kwanza tangu anipime hakuniita Mjumbe.

"Bibi," akasema. "Bibi yangu, tafadhali. Sema."

Sasa unadhani nilisema? Mtaa mzima umenyamaza, Mkurugenzi ananiomba, Katibu ameinua kalamu ingawa karatasi hana. Sijawahi kusikilizwa hivyo maisha yangu. Nikauweka sawa mtandio wangu. Nikakohoa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikaanza, "waheshimiwa wajumbe, itifaki ikiwa imezingatiwa, awali ya yote napenda kuchukua nafasi hii adhimu kuishukuru Kamati kwa kuniona mimi kuwa wa kawaida, na kwa biskuti, ambazo..."

"Mama," binti yangu akasema.

Hakupaza sauti. Nikageuka nikamwona, maji yako magotini, mkono mmoja kwenye fundo, mwingine ameinua shati dogo kabisa la mwisho wa mstari, la mtoto wa darasa la kwanza, lisiguse maji. Amekunja pua kama baba yake.

Nikageukia dirishani.

"Bomba ni dogo, baba," nikasema. "Tulikuwa tunaomba kubwa."